Somo la Saa Tatu

Afisa Kuusik alikuja na sanduku la mbao,
kifuniko cha kioo, ndani vidonge vimepangwa
kama vifungo dukani kwa mshonaji.
Theluji ilimyeyukia mabegani.
Hapo ni Narva, darasa la saba,
ng'ambo ya mto Urusi,
na kiwanda cha nguo kimekwisha kufungwa.

"Hiki kinaua," kwa Kirusi cha kujikwaa. "Na hiki. Na hiki."
Sisi tukashika majina na rangi.
Vadik, nyuma yangu, akanong'ona bei.

Kisha karatasi: Mimi, nitiaye sahihi hapa chini.
Tukala kiapo kabla ya chai ya saa nne,
kalamu ya bure kwa kila aliyekila.
Rodion akanyoosha mkono:
"Na kama chupa iko mezani nyumbani kabla ya uji,
namkatalia nani?"
Darasa likacheka. Afisa akatazama saa.
"Swali jingine?"

Ripoti ya mwaka ule ilisema somo limefaulu,
tisini na sita kwa mia tumeapa.
Ile kalamu ilikuwa nzuri, haikuvuja.
Rodion aliitumia mpaka darasa la tisa:
hesabu, barua moja kwangu,
madeni ya watu kiganjani.
Alianguka kwenye ngazi za ghorofa ya nne,
midomo ikaiva buluu. Nilikuwepo.
Nilijua majina ya vidonge vyote.
Sikujua kumlaza ubavu.

Sasa saa tatu naingia mimi.
Sanduku sina. Nina mwanasesere wa mpira, hana miguu,
tunampulizia pumzi kwa zamu,
na Ljuba mwenye waya menoni anahesabu kwa sauti.

Wakubwa wananiuliza: Linafaa? Takwimu ziko wapi?
Nawaambia sijui.
Nawaambia kuna msichana alitoka kwangu Desemba amenuna,
na Februari akakaa sakafuni na kaka yake,
akamgeuza, akapiga simu,
akataja mtaa na namba ya mlango bila kukosea.
Kaka bado anatumia.
Yu hai, na anatumia.
Liandikeni hilo safu mnayotaka.

Jana kengele imekwisha lia,
mikoba iko migongoni,
mkono mmoja ukainuka kule nyuma, nusu tu,
kama wa mtu anayejikuna.
Nikavua saa, nikaitia mfukoni.
"Uliza."