Kulabu Nne

Dari la sebule yetu, Kisutu, ghorofa ya pili,
lina kulabu nne za chuma.
Tulizikuta.
Kaka alisema zilitundikiwa watu,
mama akasema nyama,
baba akasema kuleni, chakula kinapoa.

Baba alipewa nyumba kwa barua ya Msajili wa Majumba,
mwaka sabini na mbili, muhuri wa zambarau.
Babu Pazi, mpishi, miaka kumi na tisa
aliupanda mtaa huu kwa ngazi za nyuma,
kapu kichwani, viatu mkononi.
Kwa hiyo baba alipanda za mbele,
hata taa ilipokufa, hata goti lilipogoma,
akizihesabu kwa sauti, majirani wasikie.

Juu ya mlango wa barabarani kuna jina:
POPAT VIRJI 1938.
Kila mwaka tunalipaka chokaa.
Kila masika linarudi, likianzia kwenye nane,
kama upele wa mtoto.
Fundi Sekibo anasema ni unyevu.
Tunamlipa aseme hivyo.

Jumatano moja, hodi.
Bibi mfupi, sweta juu ya sari,
sweta, Dar es Salaam, mwezi wa pili!
Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia,
lete, weka, ngoja,
ila alikitamka taratibu
kama mtu anayejaribu kiatu cha utotoni.
Hakuulizia hati. Hakuna aliyemtajia hati.
Mama alikwenda kusimama mbele ya kabati
lenye barua ndani.

Bibi akaangalia juu.
"Pembea," akasema.
"Hapa mama alitulaza, mimi na mdogo wangu. Joto likizidi."
Tukatazama juu sote, shingo zimekakamaa,
kitu kisichokuwepo kikienda, kikirudi.

"Kulikuwa na boi," akaendelea, "jikoni.
Akitukunia nazi huku anaimba.
Jina lake limenitoka.
Ninyi labda mnalijua?"

Mama alikuwa na jina mdomoni.
Nililiona likigonga meno.
Akamimina chai.
"Sukari vijiko vingapi?"

Usiku nilipanda kiti,
nikashika kulabu moja kwa mikono miwili,
nikakisukuma kiti kwa mguu.
Nilidhani itang'oka.
Vumbi la chokaa liliniingia machoni,
chuma hakikutikisika.

Mama aliniona kutoka mlangoni.
Akazima taa.