Vipimo vya Usiku

Julai, Kariobangi Kusini. Ukungu umelala juu ya mabati
kama shuka ambalo hakuna aliyekuja kulidai.
Cherehani yangu imenyamaza tangu Jumanne:
sare kumi na nne za shule hazina mikono
na mimi sina sauti.

Mafua yaliingia kwa mlango wa mteja,
mama mmoja aliyekohoa akijaribu blauzi,
akasema, "Ni vumbi tu, fundi."
Vumbi likanishuka kifuani, likawasha jiko.

Na wewe, Mutanu, miezi minne na siku tatu,
unalitaka titi lilelile linalochemka.

Simu kutoka Mwingi: "Mwachishe kwanza.
Maziwa ya mwenye homa huchacha ndani."
Mama Adhis, mlango wa pili, ana uji na ana maoni:
"Mpe chupa, jamani. Utamuua huyu kwa mapenzi."
Nikalala nimekupa mgongo. Saa moja nzima.
Ulilia mpaka kilio kikawa uzi,
leso yangu ikalowa kwa kile nilichokunyima.

Asubuhi, zahanati. Nesi Jerotich
hakuinua macho kwenye daftari.
"Nani amekwambia uache?
Cha kumwambukiza umeshampa kwa pumzi.
Sasa unataka kumnyima na ngao?
Vaa barakoa. Nawa mikono. Nyonyesha."
Kisha akaona alama za sindano kwenye vidole vyangu,
akaketi.
"Kumbe wewe ni fundi. Basi sikia kifundi.
Kirusi kikiingia, mwili wako unakipima,
mabega, kiuno, urefu wa mkono,
halafu unakishonea vazi lisilo na pa kutolea mikono.
Hiyo ndiyo kingamwili.
Inapita kwenye maziwa ikiwa imeshakunjwa,
na mtoto hahitaji kujua kushona."

Miaka kumi na mmoja nimevaa utepe shingoni.
Nimepima maharusi, wachungaji, maiti mmoja.
Sikujua ndani yangu kuna fundi mwingine
asiyedai malipo ya awali,
asiyefunga duka Jumapili.

Nikaikumbuka dang'a, siku ile ya kwanza,
ya manjano, nzito, haijazi kijiko,
mkunga akinishika mkono nisiikamue sakafuni
kama bibi yangu alivyokamua yake.
Kumbe ile ndiyo nguo uliyotangulia kuvaa,
kabla ya fulana iliyokukwama kichwani.

Usiku wa tatu stima zimepotea.
Barakoa yangu nimeikata kwenye mabaki ya sare;
unaivuta, unautafuta mdomo wangu.
Unanyonya, unaachia, unanyonya. Pua imeziba,
pumzi inakwaruza kama zipu mbovu.

Si kila kitu kinazuilika. Najua.
Mtoto wa Mama Adhis naye alinyonya,
na bado alilala siku tisa akivuta oksijeni.
Sikuwahi kumuuliza. Aliniambia jana, akikoroga,
bila kunitazama.
Nesi pia alisema: mbavu zikibonyea akihema,
usingoje kupambazuke, mbebe ukimbie.
Kwa hiyo nimekaa na tochi ya simu
nikihesabu mbavu zako, moja moja,
kama anayekagua pindo.

Kinga na kinga, walisema wahenga, ndipo moto uwakapo.
Walisema kuhusu kuni.
Usiku huu nimeligeuza neno, nalisoma upande wa bitana:
kinga yangu, na kinga yako changa
inayojifunza kutia uzi kwenye tundu la sindano.
Saa kumi, paji lako linaanza kuloa.

Unaliachia titi
kwa mlio wa kifungo kinachofunguka.

Mlango unagongwa. Mama Adhis, kikombe cha uji, macho mekundu.
Hasemi lolote kuhusu chupa. Anakugusa shingo,
anavuta kigoda, anakaa.
Naunywa wote, hadi chini penye unga mzito.
Fundi wa ndani anadai uzi.