Jiwe la Kilo Moja

Mvua ya Bergen haijui Jumapili.
Nimeketi ghalani. Samaki waliondoka zamani,
harufu yao haijahama mbaoni.
Nasoma hesabu za walionitangulia.

Anfinn, babu wa baba, mwandiko umenyooka:
*Olaus wa kaskazini. Unga, mapipa mawili.
Deni la mwaka jana. Deni la marehemu baba yake.*
Dawa ya deni kulipa, sawa,
lakini mwenye kushika mizani alikuwa Anfinn,
na samaki wa Olaus hawakuwahi kutimia uzito.
Kanisani alikaa benchi la mbele.
Hakuna aliyemwita mwizi,
hata Olaus,
aliyempa mwanawe wa kwanza jina la Anfinn.

Baba, Halvard, alitumia taipureta.
*Ada ya kurahisisha, bandari ya ng'ambo.*
Chini yake muhuri wa ofisi ya kodi, wa buluu:
gharama halali, kama kamba, kama makaa.
Mkono mtupu haulambwi,
naye aliijaza mikono ya watu, risiti mfukoni,
kisha akarudi nyumbani akanichapa
kwa krona moja niliyookota mezani pa shangazi.

Nami, Septemba hii.
Boksi jekundu kutoka Kaohsiung,
keki nane za mwezi, kila moja na kiini cha yai,
na kadi ya Bwana Hsiao, kwa wino, kwa mkono.
Kanuni zetu, kifungu cha nne, hazina tumbo.
Nikalirudisha, pamoja na barua ya adabu.

Jibu lake mistari miwili:
*Stempu zako zimeishinda bei ya keki.
Mke wangu anauliza, tulikukosea nini?*
Miaka kumi na mmoja ya biashara.
Sasa simu inaita, inaita.

Safi nimekuwa, lakini niliandike safu ipi hili?

Nimelishusha jiwe la Anfinn kutoka ukutani,
lile lililochongwa *kilo 1*,
nikalipandisha jikoni kwenye mizani ya unga, ya betri.
Gramu elfu moja na sitini na nne.
Nimelishusha, nimelipandisha tena.
Sitini na nne.

Ingelev, mwanangu, ana miaka tisa,
amesimama mlangoni na soksi zilizolowa.
Nimemweleza yote, jiwe, muhuri, boksi,
akasikiliza kwa subira ya watoto.
"Na hizo keki," akasema, "zilikuwa tamu?"

Sikuzionja.

Ameniangalia vile nilivyokuwa nikimwangalia baba.