Mtande na Mshindio

Kazi yangu ni masikio.
Nabeba kisanduku cha betri ndogo kama punje za dengu,
napanda ngazi za mtaa wa Bałuty, mjini Łódź,
kwa wastaafu ambao lifti zao zilikufa kabla ya waume zao.

Bi Wiesława yuko ghorofa ya tatu.
Miaka thelathini na mmoja alisimama kiwandani
mbele ya mashine kumi na mbili za kufuma pamba.
Kiwanda kilipofungwa kilimwachia saa ya mezani,
cheti chenye muhuri,
na mvumo kichwani usiozimika.

Nikamvalisha kifaa kipya. Unasikia nini?
Saa, akasema. Njiwa. Maji kwenye bomba.
Halafu dari ikaanza.
Dum, ta. Dum-dum, ta.
Na juu ya hiyo Tymek, wa ghorofa ya nne, akifoka.
Jikoni maziwa nayo yakafoka,
na kati yetu hakuna aliyeinuka kuyaepua.

"Zima," akaniambia, kana kwamba swichi ninayo mimi.

Nilidhani sababu naijua. Nimeikuta nyumba hadi nyumba:
haina tuni, ina matusi, ina mikufu ya dhahabu,
ni kusema tu, na kusema hata kasuku anasema.
Shemeji yangu hudai ni kama kusomewa bili ya umeme
na mtu uliyemkosea.
Basi nikaanza kuutetea muziki ambao sina hakika naupenda:
Bibi, sikiliza vina, sikiliza anavyo...
Akainua kidole.

"Maneno sijayafikia. Ni hiyo ya chini.
Naijua hiyo. Ilinipiga tangu nina miaka kumi na saba,
nami nikaiitikia kwa mikono.
Ukichelewa robo ya pumzi uzi unakatika
na jina lako linaandikwa ubaoni kwa chaki.
Mtande ninausikia, mshindio siuoni.
Na huyu anainunua kwa pesa yake? Anaiweka anapolala?"

Sikuwa na jibu. Nikafuta maziwa.

Tymek nilimkuta kwenye ngazi, kofia mkononi,
akielekea zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi.
Nikamfikishia malalamiko, nusu tu.
Hakukasirika. Akanionyesha alama nyekundu kifundoni
panapofungwa kile kidubwasha cha kusoma lebo.
"Kifurushi kimoja, sekunde tisa. Ya kumi kinalia.
Lakini kwenye mdundo naweza kuchelewa makusudi.
Unakimbia, mimi nabaki nyuma na neno langu,
naliacha lining'inie hadi mtu ajikwae kulingojea,
ndipo nalidondosha.
Hakuna anayenikata mshahara."
Kisha, palepale, akipiga reli ya ngazi kwa funguo:

Tisa chukua ni zako, ya kumi uniachie,
nina neno mdomoni, ngoja nilitafunie;
uliyenipima mkono, ulimi hukuupima,
nikinyamaza usidhani kwamba nami nimezima.

Mguu wangu ulikuwa unagonga sakafu.
Nauripoti kama ulivyo, sikuutuma.

Wiki iliyofuata nilikipanga upya kifaa cha Bi Wiesława:
kitufe cha pili, sauti nzito zote zimekatwa,
ngoma, malori, friji.
Dirisha la juu lilikuwa wazi kwa joto la Juni,
na maneno ya Tymek yakashuka peke yake,
bila kitu cha kusimamia.

Alisikiliza muda mrefu akiwa amekunja uso,
kama anayekagua kitambaa kilichofumwa na mgeni.
"Mbaya," akasema. "Na anameza silabi."
Akapapasa nyuma ya sikio akitafuta kitufe,
akasita.

"Hiyo ya kumi," akaniuliza. "Walimpa?"