Deni Pekee

Nilimwita mwenyewe. Asije mtu akasema nililazimishwa.
Februari, theluji imegeuka tope jeusi mlangoni,
nikapiga simu mara mbili, ya kwanza nikaikata
kabla yule wa upande wa pili hajamaliza jina la ofisi.
Maana bure, kwetu Fall River, ni neno lenye meno.
Baba alituusia: akupaye bure
amekwisha kuupima mfuko wako.

Akaja Jumanne, Bi Thibault,
viatu vya pua ya chuma, kofia ngumu ya njano
yenye kibandiko cha hoki, cha mjukuu.
Hajakung'uta hata theluji, nikamwuliza:
"Faini yake kiasi gani?"
"Mimi sitozi. Wanaotoza ni wengine,
na kwangu hawatalisikia jina lako.
Ila nikiona hatari kubwa, utaiondoa.
Hilo ndilo deni pekee."

Tuko sita. Tunachonga meza za jikoni,
itale ya Brazili, na lile jiwe la kutengenezwa
wanalolipenda wateja kwa kuwa halinywi divai.
Nilikuwa nimefagia tangu alfajiri,
nimefagia hata nyuma ya jokofu,
kumbe kufagia ndilo kosa la kwanza.
Akautazama ule ufagio ukutani
kama mtu atazamavyo nyoka aliyelala,
akaandika.

Kisha akamfunga Zeferino kidude kiunoni,
mrija ukapanda mgongoni mpaka kwenye kola,
kikawa kinavuta anachovuta Zeferino,
pumzi kwa pumzi, saa nane.
"Nimevikwa maikrofoni," akatania, "niimbe?"
Tukacheka. Kidude hakikucheka.
Kilikuwa kinasikiliza.

Saa nne na nusu akafika kwenye msumeno mkubwa.
"Kinga yake iko wapi?"
Rafuni, chini ya makopo ya gundi.
"Aliyeitoa nani?"
Watu watano wakaangalia viatu vyao.
Bento, ambaye kidole chake kimoja
kilibaki katika kiwanda kingine,
akaangalia viatu kuliko wote.
Nikajua wananisitiri,
na sitara ile ikanichoma kuliko kushtakiwa.
"Mimi," nikasema. "Ilikuwa inatuchelewesha."
Hakupaza sauti. Akaniletea kinga, akanipa bisibisi.

Mchana akaomba kuzungumza nao faragha.
Nikakaa ofisini, nyuma ya kioo,
nikiona midomo yao ikisema wasichowahi kuniambia.
Ukutani, picha ya baba, aproni na nyundo.
Kikohozi chake tulikiita tumbaku.
Lakini baba aliacha sigara mwaka niliozaliwa.
Miaka arobaini na moja nimeijua hesabu hiyo
na sijawahi kuijumlisha.

Barua ilikuja baada ya wiki nne.
Namba moja yenye nukta katikati:
hewa ya Zeferino, mara tatu ya kinachoruhusiwa.
Nikaisoma nikiwa nimesimama,
nikaisoma nikiwa nimekaa.

Wenye kunena walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mimi mwenyeji nilikuwa bado nimeshika komeo.

Sasa msumeno unakata ndani ya maji.
Vumbi limekuwa uji wa kijivu, unatambaa
hadi kwenye mfereji, hauna tena mbawa.
Zeferino amenyoa ndevu za tangu harusini
ili barakoa imshike mashavu;
mkewe, anasema, alimfungulia mlango
akamwuliza anamtafuta nani.
Bi Thibault alirudi mara moja, akapima, akanywa kahawa,
akakataa hata mkate mtamu wa dada yangu.

Kila Ijumaa huwa napangusa kioo cha picha ya baba.
Zamani kitambaa kilirudi cheupe kama unga.
Jana nimepangusa, nikakigeuza,
nikakipeleka dirishani kwenye mwanga.
Kidogo tu, pembeni.
Nikakipeleka tena.