Jino Moja

Nyamweya ametandaza gunia sakafuni
na juu yake amepanga ninavyoweza kununua:
pistoni pana, ingali na grisi ya kiwandani,
kemshafti iliyovuka Namanga ndani ya soksi,
ekzosi nyepesi, inang'aa kama sufuria ya arusi.
"Chagua," asema. "Ila mfuko ndio msemaji."

Hapa Barabara ya Kirinyaga, saa tatu asubuhi,
kila nyundo ina la kusema.
Mimi nina moja tu:
Jumamosi, tukipandisha kutoka Mai Mahiu,
Kanini nyuma yangu, masanduku matatu, hema,
na debe la asali tulilonunua Marigat,
lori la mabati likatupita.
Lori.
La mabati.
Dereva akatupungia mkono kwa huruma.
Kanini hakusema neno. Hapo ndipo paliponiuma.

Pistoni itaniongezea farasi sita,
Nyamweya aandika kwa chaki ukutani,
halafu aanza kutoa:
petroli itakwenda kama maji ya harusini,
injini itachemka kwenye foleni ya Uthiru,
gasketi nayo italalamika kabla ya Krismasi.
Kemshafti huamka mizunguko elfu saba,
"nawe hufiki huko, mzee, nakujua,
wewe hubadilisha gia kama mtu afungaye mlango
wa chumba cha mtoto aliyelala."
Ekzosi? "Kelele. Kelele haipandi mlima."
Na hewa ya huku juu, aongeza, ni chai ya msibani:
rangi ipo, majani hakuna.
Injini yoyote itapumua kwa shida.

Nimesimama, ulimi wangu ukizuru pengo
alipong'oa daktari juzi, gego la chini, kushoto,
shilingi elfu tatu na mia tano, risiti ningali nayo.

Nyamweya atia mkono mfukoni mwa ovaroli
atoa sproketi, ndogo kama kisahani cha kahawa.
"Ya mbele uliyo nayo ina meno kumi na matano.
Hii, kumi na manne."
"Umepunguza."
"Nimepunguza jino. Tambarare utapoteza mbio kidogo,
mlimani utavuta kama punda wa mkaa."
"Bei?"
Bei yake haifiki nusu ya gego langu.

Naitazama pistoni. Naipenda bado, nisidanganye.
Kidole changu kimezunguka ukingo wake mara mbili,
na kila mara nimeliona lile lori
likibaki nyuma, likipungua, likiwa kiberiti,
na Kanini akigeuka kumpungia dereva.

"Funga jino," nasema.
Sauti yatoka na mbinja kidogo, kwa lile pengo.

Nyamweya hacheki. Aiokota pistoni,
aifunika kwa gazeti la jana, taratibu,
kama chakula cha mtu atakayechelewa kurudi.