Efu Nane

Ukiiwasha, usiisubiri.
Hilo ndilo la kwanza, na wengi hulikosa.
Bonyeza kabla feni haijavuta pumzi,
kabla nembo haijatokea kiooni.
Gonga, gonga, gonga, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba anayojua wenyewe wamelala.
Mlango huo hufunguka sekunde mbili tu.
Ukichelewa, mashine imeshakumbuka ugonjwa wake
na inaanza upya kuugua.

Nilimwambia hivyo Sechelela,
karani wa ushirika wa zabibu, Mpunguzi,
huku nje kreti zimepangwa hadi chini ya tangi la maji
na nyuki wamefika kabla ya lori.
Ijumaa ni malipo. Leo Jumatano.
Laptopu inawaka, inazima, inawaka,
kama taa ya pikipiki ya Yoramu.

Nikagonga Efu Nane. Kimya.
Nikagonga tena, nikihesabu kimoyomoyo.
Bluu. Giza. Bluu.
Nikalaumu kidole, nikalaumu umeme,
nikalaumu vumbi la Dodoma, ambalo halijawahi kukataa lawama.
Mara ya kumi na moja nikaacha kugonga, nikatazama.
Kitufe kilishuka. Hakikupanda.

"Hapa palimwagika nini?"
Sechelela akageukia ukutani,
kwenye cheti chenye fremu ya dhahabu ya plastiki:
mshindi wa pili, maonyesho ya Nane Nane, Nzuguni.
Walirudi usiku, wanaimba. Mtu alibeba jagi la juisi ya zabibu.
Mtu, alisema.
Sikuuliza mtu gani; shingo yake ilishajibu.

Nikakibandua kwa ncha ya kisu cha kupogolea.
Chini yake sukari nyeusi, ngumu kama lami,
na sisimizi mmoja aliyekufa ameshiba.
Spiriti, mswaki, pindo la shati langu.
Nikamsafisha na jirani yake wa chini,
maana naye alikuwa amenasa palepale.

Washa. Usiisubiri. Gonga gonga gonga
na mlango ukafunguka.
Maandishi meupe juu ya weusi, bila picha, bila madoido,
mashine imebaki na nguo ya ndani tu,
inauliza irudi wapi.
Kati ya majibu yote lipo moja
ambalo hunifanya nivue kofia kila nikilikuta:
hali njema ya mwisho inayokumbukwa.
Nani mwingine huulizwa hivyo anapoamka?
Nikashuka kwa mshale, nikabonyeza Enta.

Orodha ikarudi. Majina, tarehe, kilo.
Sechelela akaniagizia soda.
Perpetua Chilongani hakushangilia.
Alisimama dirishani na kadi ya kliniki ya mwanawe,
nyuma yake ameandika mizani yake yote kwa kalamu ya bluu.
"Themanini na tatu," akasoma. "Hapo kwenu?"
Tatu.
"Hamsini na nane."
Tano.
"Themanini na nane."
Hakuna kitu. Nafasi tupu,
kana kwamba siku hiyo hakuamka.
Tangu usiku ule wa jagi, ushirika mzima,
hakuna mkulima aliyewahi kuleta nane.

Mashine ilikuwa imepona.
Ilikumbuka kila kitu kwa uaminifu,
isipokuwa kile ambacho haikuambiwa.
Hakuna kitufe cha kuwahi hilo asubuhi.
Kuna kadi za kliniki,
kuna milango ya jikoni yenye alama za mkaa,
kuna Yoramu, aliyekwenda mbio kuwaita wenye milango.

Sechelela akavuta kiti, akaita jina la kwanza.
Kila penye pengo akamgonga yule jirani wa chini,
taratibu, safari hii akitazama kioo,
naye akaitika.

Soda ilishapoa moto wa jua, yaani ilishachemka.
Nikainywa hivyo hivyo.
Gharama yangu ilikuwa elfu nane.
Nikamwomba aichape yeye, nione.